Stenti ikiziba tena, mlima hujua kabla ya mashine

Mjomba wangu anakaa Igogo, kule juu kabisa, ambako bodaboda hukushusha chini na kilichobaki unakimaliza kwa miguu, kati ya mawe. Wenye nyumba za mlimani Mwanza wananielewa: ndoo ya maji, gunia la mkaa, hata jeneza, vyote hupanda kwa mabega ya watu. Kwa miaka mingi mjomba alishuka alfajiri kwenda kwenye biashara yake ya dagaa Mwaloni, Kirumba, na jioni akapanda. Hakuwahi kuhesabu mawe ya njia ile. Alianza kuyahesabu alipoanza kuumwa.

Kabla ya kutibiwa alikuwa anapumzika mahali patano ndipo afike mlangoni kwake. Akapelekwa Dar es Salaam, mshipa wa moyo ukazibuliwa, akawekewa stenti moja. Wiki ya tatu baada ya kurudi alinipigia simu jioni. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka kwa sababu alikuwa na lake la kusema. "Mpwa, nimepanda mpaka juu. Sijasimama hata mara moja."

Mwezi wa saba akaanza tena kusimama. Jiwe la tatu kutoka chini, lile bapa ambalo mama mmoja huanikia dagaa. Hakumwambia mtu. Mkewe ndiye aliyegundua, kwa sababu uji aliokuwa akimtengea saa moja jioni ulianza kupoa mezani. Tulipombana akasema kifua hakimuumi. Kinachomuuma ni taya, upande wa kushoto, na bega linakuwa zito kama vile kabeba ndoo. Akikaa kwenye jiwe dakika mbili tatu, inaisha. "Uzee tu huu, mpwa. Na wewe utaufikia."

Tukampeleka kwenye kituo kimoja cha tiba mjini. Akalazwa kitandani, nyaya zikabandikwa kifuani, karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi. Akaambiwa moyo hauna neno, hivyo ni vidonda vya tumbo. Akaandikiwa omeprazoli ya mwezi mzima. Hakuna aliyemuuliza nyumba yake iko wapi.

Kituo sikitaji wala daktari simtaji, maana kwa jinsi tulivyojipanga Kanda ya Ziwa lile lingeweza kutokea popote. Ninachotaka kusema kwa makala hii ni kwamba mshipa uliowekewa stenti unaweza kuziba tena, kwamba dalili yake ya kwanza huonekana mgonjwa anapofanya kazi na hufichika anapolala, na kwamba sisi tumejizoesha kumpima mgonjwa akiwa amelala.

Tuanze na stenti yenyewe, kwa sababu wengi wanaorudi nayo kutoka Dar es Salaam au India wanaamini wamepona ugonjwa. Mitaani tunasema "kawekewa chuma kwenye moyo", na chuma tunakijua kwa kudumu. Stenti ni kijibomba cha wavu mwembamba wa chuma, upana wake milimita mbili na kitu hadi nne na kidogo, kinachoingizwa kikiwa kimekunjwa juu ya puto dogo. Daktari hupitisha bomba jembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja mpaka kwenye ateri inayoulisha moyo, anajaza puto, wavu unatanuka na kuubana ukuta wa mshipa usijifunge. Puto linatolewa, wavu unabaki maisha yote. Kilichofanyika hapo ni kufungua njia. Kisukari, presha, sigara na mafuta kwenye damu, vilivyoiziba njia hiyo, vinarudi nyumbani na mgonjwa kwenye basi lile lile.

Historia ya tiba hii yenyewe ni historia ya kupigana na kuziba upya. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, Uswisi, daktari Andreas Grüntzig alizibua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho kwa kutumia puto, bila kupasua kifua. Ilikuwa ajabu ya wakati ule. Lakini miezi sita haikuisha kwa wengi: katika kila wagonjwa watatu waliotibiwa kwa puto peke yake, mmoja hivi mshipa wake ulibana tena. Ukuta uliotanuliwa kwa nguvu hurudi ulikotoka kama mpira. Ndipo mwaka 1986 Jacques Puel kule Toulouse na Ulrich Sigwart kule Lausanne wakaanza kuacha wavu wa chuma ndani ya mshipa ili uushikilie. Mwaka 1994 tafiti mbili kubwa, moja ya Ulaya na nyingine ya Marekani, zikathibitisha kwamba wavu unapunguza kubana upya.

Ulipunguza, haukumaliza. Chuma kilizuia ukuta usirudi, ila kikaleta tatizo jingine. Mwili ukiona umeumizwa hutengeneza kovu. Seli za misuli laini zilizo ndani ya ukuta wa mshipa huamka, huzaliana, hupenya katikati ya nyuzi za wavu na kujaza ile nafasi iliyofunguliwa. Kwa stenti za chuma kitupu, kati ya mgonjwa mmoja na wawili katika kila kumi ilibidi warudishwe mezani, na picha zilipopigwa kwa wote, kubana kulionekana kwa wengi zaidi ya hao.

Watu wa ziwani hulinganisha jambo hili na magugu maji: leo mmefyeka njia ya mitumbwi, mwezi ujao imefunga. Mfano huo unafaa kwa sura, lakini unapotosha kwenye sababu. Magugu maji ni mgeni aliyekuja kuvamia ziwa. Kinachojaza stenti ni nyama ya mgonjwa mwenyewe, inayofanya kazi iliyoumbiwa ya kuponya jeraha, na haijui wakati wa kuacha. Ndiyo maana mgonjwa asilaumiwe kwamba amekula vibaya kila stenti inapobana. Mjomba alikuwa ameacha chumvi, ameacha nyama choma, kila Jumamosi anapima sukari. Bado ikabana.

Dawa ya kuizuia seli hiyo ilitoka mbali. Kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya Bahari ya Pasifiki, sampuli zilichukuliwa mwaka 1964, na ndani yake wakapatikana bakteria wanaotengeneza kemikali iliyoitwa rapamaisini kwa heshima ya kisiwa hicho. Baadaye ikajulikana pia kama sirolimasi. Inazuia seli kugawanyika. Wataalamu wakaipaka juu ya stenti ili itoke kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mwishoni mwa 1999 daktari Eduardo Sousa akamwekea mgonjwa wa kwanza stenti ya namna hiyo mjini São Paulo, Brazili. Tangu hapo mambo yakabadilika sana. Kwa stenti zenye dawa zinazotumika leo, wanaobana tena kiasi cha kuhitaji kutibiwa upya ni kama watano hadi kumi katika kila mia. Kisha, mwaka hadi mwaka, mmoja au wawili zaidi katika mia huongezeka bila kukoma. Kwa hiyo anayesema "mimi nilishapita mwaka, nimevuka" anajidanganya kidogo. Huko mbele mafuta yale yale yaliyoziba mshipa mara ya kwanza yanaweza kujijenga ndani ya stenti yenyewe, miaka mitano, miaka kumi baadaye.

Na hatari haigawanywi sawa. Mwenye kisukari yuko mbele ya foleni, kisha mwenye figo zilizochoka, mwenye mshipa mwembamba, aliyewekewa stenti ndefu au aliyewekewa pale mshipa unapogawanyika njia mbili. Kuna pia kosa la ufundi: stenti isiyotanuka vizuri, mara nyingi kwa sababu ukuta wa mshipa umejaa chokaa ngumu. Huyo huanza safari akiwa na njia nyembamba tangu siku ya kwanza, na kovu dogo tu linatosha kumrudisha hospitali.

Sasa turudi mlimani, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Lance Gould, na wenzake walifanya jaribio kwa mbwa: waliubana mshipa wa moyo taratibu huku wakipima damu inayopita. Walichokiona kinastahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha daktari. Moyo ukiwa umepumzika, damu inayopita haikupungua mpaka mshipa ulipobanwa kufikia karibu asilimia 85 ya upana wake. Lakini moyo ulipotakiwa kufanya kazi kubwa, upungufu ulianza kuonekana tangu mshipa ulipobanwa nusu tu.

Sababu si ngumu. Mishipa midogo iliyo mbele ya ile kubwa ina akiba: mshipa mkubwa ukibana, midogo hutanuka kufidia, na mtu aliyelala hahisi kitu. Akiba ile ile ndiyo ambayo moyo huitegemea wakati wa kupanda mlima, ambapo unahitaji damu mara nne au tano ya ile ya kitandani. Kama imeshatumika kufidia kubana, mlimani hakuna kinachobaki. Misuli ya moyo inakosa hewa, inalia, na kilio chake husikika kifuani, au kwenye taya, bega, mgongo, au kwenye chembe cha moyo ambapo kila mtu anajua "vidonda vya tumbo" vinakaa. Ukiketi kwenye jiwe dakika tatu, mahitaji yanashuka, kilio kinanyamaza.

Kwa hiyo karatasi safi ya ECG ya mtu aliyelala haijakwambia kwamba mshipa wake uko wazi. Imekwambia kwamba kwa wakati ule, kitandani pale, moyo haukuwa na shida. Mjomba hakwenda pale kwa sababu ya shida ya kitandani.

Kuna maswali ambayo mganga wa zahanati ndogo kabisa, Igogo au Nansio, anaweza kuyauliza bila umeme na bila bima. Ulipotoka kuwekewa stenti ulikuwa unaweza kufanya nini? Sasa unaweza kufanya nini? Unasimama wapi? Ukisimama inaisha baada ya muda gani? Maumivu haya yanafanana na yale ya mwanzo? Hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu mshipa ukibana mahali pale pale, mara nyingi mwili hulia kwa sauti ile ile. Tulipomuuliza mjomba baadaye, alitushangaa. "Taya ndiyo iliyoniuma hata mara ya kwanza. Nilidhani mnajua." Hatukujua, na wala haikuandikwa popote.

Na vidonda vya tumbo? Vipo, tena vingi. Lakini maumivu yanayoletwa na mlima na kuondolewa na jiwe si ya tumbo mpaka ithibitishwe hivyo. Niongeze na hili, kwa kuwa linagusa familia nyingi: omeprazoli aliyopewa mjomba hupunguza uwezo wa mwili kuiamsha klopidogreli, kidonge kinachozuia damu kuganda ndani ya stenti. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hilo mwaka 2009. Wataalamu bado wanabishana kama madhara yake kwa wagonjwa ni makubwa, ila zipo dawa nyingine za kupunguza asidi zisizogongana nayo kiasi hicho. Anayeandikiwa dawa ya tumbo huku ana stenti aseme kwa sauti kwamba ana stenti.

Mgonjwa mwenye kisukari anahitaji macho zaidi ya mawili. Neva zake zinaweza kuwa zimekufa ganzi, mshipa ukabana pasipo maumivu yoyote. Kwake dalili inaweza kuwa kuhema tu, au uchovu, au uji unaopoa mezani. Na kuna wengine ambao stenti iliyobana huwaletea moja kwa moja maumivu yasiyokoma hata wakikaa, pamoja na jasho jembamba na kichefuchefu. Huyo asisubiri asubuhi wala asitafutiwe maji ya tangawizi. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Baada ya maswali ndipo zinakuja mashine, na hapa fedha nyingi hupotea kwa kupima kisichohitajika au kwa kutumia kisichofaa. Kipimo cha kutembea na kukimbia kwenye mkanda huku ECG inachora kina maana, kwa sababu ni mlima wa ndani ya chumba. Lakini kwa suala hili la stenti kubana peke yake, kikitumika bila picha hukosa karibu nusu ya walio na tatizo, basi majibu mazuri yasimfunge mtu mdomo kama jiwe la tatu bado linamsimamisha. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinachofanywa moyo ukiwa umechochewa, kwa mazoezi au kwa dawa, ni bora zaidi: daktari anaona kwa macho yake kipande cha ukuta wa moyo kinachogoma kujikunja damu inapopungua. Eko ya kawaida, ya mtu aliyetulia, ina kasoro ile ile ya ECG ya kitandani.

Siti skani ya mishipa ya moyo inapendwa sana siku hizi na wenye uwezo, kwa kuwa inatoa picha nzuri na haina bomba la kuingizwa mwilini. Ila chuma hung'aa kwenye siti skani. Mng'ao huo hufunika kilicho ndani ya wavu, na stenti ikiwa na upana chini ya milimita tatu, msomaji wa picha mara nyingi hubaki akikisia. Stenti pana, iliyo kwenye mshipa mkubwa wa mwanzo, husomeka vizuri. Tazama basi: ili kujua kama mgonjwa huyu atumiwe siti skani au fedha yake iokolewe, daktari anahitaji namba moja tu, upana wa stenti. Namba hiyo iliandikwa siku ile ilipowekwa. Iko wapi?

Kwa mjomba ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kadi za michango ya harusi, kitambulisho cha mpiga kura na risiti za dagaa. Kikadi kidogo chenye kibandiko: upana milimita 2.75, urefu 24, na jina la mshipa kwa herufi tatu. Kilikaa humo miezi yote saba. Fomu yake ya kuruhusiwa, ambayo ndiyo aliyoizungusha kila alikokwenda, ilisema tu kwamba amewekewa stenti na anaendelea vizuri.

Jibu la mwisho hutoka kwenye chumba kile kile alikowekewa: bomba jembamba, dawa ya rangi, picha ya eksirei inayotembea. Stenti huhesabiwa imebana tena pale upana wake unapopungua kwa nusu au zaidi, ndani ya wavu wenyewe au milimita tano kutoka kwenye ncha zake. Lakini picha ni kivuli, na kivuli kinaweza kudanganya. Kwa kubana kwa kiasi cha kati, daktari hupitisha waya wenye kupima shinikizo. Akikuta shinikizo la mbele ya kizuizi ni asilimia 80 au pungufu ya lile la nyuma yake, anajua kizuizi hicho kinaunyima moyo damu kweli. Palipo na vifaa zaidi, kamera ndogo ya mwanga au ya mawimbi ya sauti huingizwa ndani ya mshipa wenyewe. Ile ya mwanga huona vitu vya ukubwa wa mikroni 10 hadi 20, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi yake kubwa ni kujibu kwa nini, maana tiba hutegemea hilo. Kama ni kovu, puto lenye dawa au stenti mpya vinaweza kufaa. Kama stenti ya kwanza haikutanuka kwa sababu ya chokaa, kuweka nyingine ndani yake ni kuvalisha shati juu ya shati linalobana. Chokaa ivunjwe kwanza. Na wapo ambao kwao jibu la haki ni upasuaji wa kupandikiza mishipa, hasa wenye kisukari na vizuizi vingi.

Niliposema haya kwa rafiki mmoja, akaniambia basi kila aliyewekewa stenti apimwe kwa mashine kila mwaka. Wazo hili linavutia, na lilishajaribiwa. Korea Kusini, katika utafiti uliochapishwa 2022, walichukua wagonjwa 1,706 walio katika hatari kubwa, nusu wakapimwa kwa mazoezi au kwa picha mwaka mmoja baada ya stenti hata kama hawaumwi, nusu wakafuatiliwa kwa kliniki ya kawaida tu. Baada ya miaka miwili, waliofariki, waliopata mshtuko wa moyo au waliolazwa kwa maumivu makali ya kifua walikuwa asilimia 5.5 kwa waliopimwa na 6.0 kwa waliofuatiliwa kwa kliniki tu. Tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba kupima wote kunaokoa. Kwa nchi yenye foleni kama yetu, somo hili ni la thamani: fedha za kumpima asiye na dalili zinaweza kumsubiri mwenye dalili. Vifurushi vya "chunguza moyo wako" vinavyouzwa kwa watu wanaopanda milima yao bila kusimama sivioni kama tiba.

Ila tusisahau "kliniki ya kawaida" ile ya Korea ilikuwa nini. Ilikuwa kliniki kweli: mtu anaonwa kwa ratiba, anaulizwa, vidonge vyake vinahesabiwa, na akisema anahema anapelekwa kwenye kipimo. Hatuwezi kuchukua nusu ya somo, ile inayosema wasipimwe wote, tukaacha nusu inayosema waulizwe wote.

Hapo ndipo Mwanza inapopungukiwa. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, inayotazama ziwa kutoka mlimani kwake na kupokea wagonjwa wa Geita, Mara, Kagera, Simiyu na Shinyanga. Tuna chuo kikuu cha udaktari kwenye kilima hicho hicho. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, inayojitegemea tangu 2015, imewapunguzia Watanzania safari za India kwa kiasi ambacho kizazi cha baba zetu kisingeamini. Lakini iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka hapa. Mgonjwa wa Sengerema ambaye zamani alisubiri kivuko Kigongo sasa anavuka daraja la kilomita tatu kwa dakika chache, na nashukuru kwa hilo kila ninapopita. Akishavuka, amuone nani mwenye ratiba ya kumuuliza anaposimama?

Sidai kila mkoa ujengewe chumba cha kuzibulia mishipa kesho. Nadai vitu vidogo vinavyotangulia. Fomu ya kuruhusiwa mgonjwa wa stenti iwe na mistari mitatu ya lazima: mshipa gani, upana na urefu wa stenti, na maumivu yake ya kwanza yalikuwa ya namna gani. Hospitali za rufaa za mikoa ziwe na mashine ya mkanda na mtu aliyefundishwa eko ya kuchochea moyo. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapitishwa tangu 2023, kitita cha mafao kisiishie kwenye kulipia stenti. Kulipia stenti na kutolipia vidonge vya miaka inayofuata ni kujenga daraja na kuacha nguzo zikiliwa na maji.

Vidonge nimevigusa, nivimalizie. Kubana tena huja polepole, kwa miezi. Kubana huko kuna ndugu mkali zaidi: damu kuganda ghafla ndani ya stenti, ambako huja kwa dakika na huua wengi. Sababu mojawapo kubwa ni mgonjwa kuacha aspirini au klopidogreli kabla ya muda, ambao kwa kawaida ni miezi sita ya vyote viwili, au mwaka mzima kwa aliyepata mshtuko wa moyo, na baada ya hapo kimoja huendelea. Watu huacha kwa sababu vimeisha, au kwa sababu wamepata nafuu, au kwa sababu mng'oa meno kawaambia waache. Asiache bila kumuuliza daktari wa moyo. Statini, dawa ya kushusha kolestero, nayo ni ya kila siku, hata kwa asiyekula mafuta, maana ini ndilo linalotengeneza kolestero nyingi iliyo kwenye damu.

Wiki tano baada ya karatasi ile safi, mjomba alisimama kwenye jiwe la kwanza. Safari hii hatukupitia kwingine. Tukachanga, tukampandisha basi Nyegezi, akarudi kwa waliomwekea. Daktari aliyempokea alikuwa binti, mdogo kuliko wanangu, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Babu, nyumbani kwako ni tambarare au mlimani?" Stenti ilikuwa imebana kwa zaidi ya robo tatu, ncha ya juu. Ikafunguliwa kwa puto lenye dawa.

Tulirudi na fomu ambayo nilimwomba yule binti aiandike kwa ukamilifu, akaandika kila kitu, pamoja na neno "taya". Nakala moja ninayo mimi. Alituambia pia bila kuficha kwamba palipobana mara moja panaweza kubana tena, na kwamba miezi ya kuangalia zaidi ni hii iliyo mbele yetu. Huu ni mwezi wa tano. Mjomba anapanda mpaka juu bila kusimama, anamsalimia mama wa dagaa huku anatembea, na mkewe amehamisha saa ya ukutani kutoka sebuleni kuja pale anapotengea uji.